Breki ya mbele iliniishia kwenye mteremko wa Sipi: ninunue kalipa kubwa?

Fundi, pokea salamu kutoka Tororo.

Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka, nina miaka 41, na pikipiki nimepanda tangu ujana. Boxer nimeiendesha hapa mjini miaka mingi. Mwaka jana nikatimiza hamu ya siku nyingi, nikanunua Honda Shadow 750, mtumba wa Japani, kwa jamaa aliyekuwa ameifungia stoo miaka mitatu baada ya kuumia mgongo. Nilibadilisha betri, nikasafisha kabureta, nikaweka oili mpya na tairi mbili mpya. Injini ikanguruma vizuri, nikaona kazi imekwisha.

Mwezi uliopita tulipanda Kapchorwa kwa wakwe zangu, kulikuwa na arusi. Kwenda hakukuwa na neno. Kurudi, mama watoto alikaa nyuma na pembeni tulifunga viazi na kahawa tuliyopewa. Nikuambie ukweli wote: kwenye ule mteremko baada ya Sipi niliweka nyutro, kama tulivyozoea kwenye boda, kuokoa petroli. Nikawa nashikilia breki ya mbele kidogo kidogo njia nzima. Kona ya nne au ya tano mkono wa breki ukaanza kuzama. Kona iliyofuata ukagusa usukani kabisa, na pikipiki haikupungua mwendo hata kidogo. Nilikanyaga ya nyuma kwa nguvu zote, nikasikia harufu ya kuungua, nikaielekeza pikipiki kwenye ukingo wa udongo. Tuliangukia majani. Mke wangu alichubuka goti, mimi mkono. Namshukuru Mungu upande ule haukuwa wa bonde.

Kilichonishangaza ni hiki: tulikaa chini ya mti kama nusu saa, nikabonyeza tena, na breki ilikuwa imerudi! Tukateremka polepole kwa gia ya kwanza mpaka Sironko.

Nyumbani nilifungua kile kikopo cha mafuta ya breki. Yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyochemka asubuhi kutwa. Pedi ya upande wa nje imeisha karibu na chuma, ya ndani bado nene. Nikiinua gurudumu la mbele na kulizungusha kwa mkono, halifiki hata mzunguko mmoja.

Nilimpelekea fundi mmoja Kampala picha kwa simu. Akasema kalipa ya Shadow (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ni ndogo, ina pistoni mbili tu, niweke ya pistoni nne kutoka kwenye pikipiki ya mbio. Anayo, anataka shilingi 850,000, na braketi ya kuishikilia atachomelea mwenyewe. Nimeshampa 200,000 za kianzio. Rafiki mwingine anasema niongeze diski ya pili. Mama watoto anasema niiuze, na kwamba hatakaa tena nyuma yangu. Tangu siku ile anapanda matatu hata kwenda sokoni, na nyumbani kumenuna.

Je, ninunue hiyo kalipa? Ni kweli pistoni nne zinasimamisha kuliko mbili?

Msomaji, Tororo


Ndugu yangu wa Tororo,

Pole sana, wewe na shemeji. Nimeisoma barua yako mara tatu, maana jibu umeliandika mwenyewe bila kujua. Umetaja mambo manne: breki ilikufa na kisha ikarudi, mafuta ni meusi, pedi ya nje imeisha kabla ya ile ya ndani, na gurudumu ni zito kuzunguka. Fundi aliyeona picha hizo akaishia kukutajia bei ya kalipa hakukusikiliza. Kalipa yako si ndogo. Kalipa yako imekwama, na mafuta yaliyomo ndani yake yalichemka.

Tuanze na kuchemka, kwa sababu ndiko kulikotaka kuwaua. Mafuta ya breki hunywa maji. Hata kikopo kikiwa kimefungwa, unyevu wa hewa hupenya taratibu kwenye mipira na vifuniko, mwaka baada ya mwaka, na kwako ilikuwa miaka mitatu ya stoo, ukiacha ile ya Japani ambayo hatuijui. Mafuta ya DOT 4, ambayo ndiyo ya Shadow, yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanywa maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka mpaka 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unavuta mkono wa breki, nguvu yako yote inaishia kuubana ule mvuke, na pistoni hazisogei. Ukikaa chini ya mti nusu saa, mvuke unapoa na kurudi kuwa maji, na breki "inapona". Kama ingekuwa mpira umepasuka au mafuta yamevuja, isingerudi hata ungekaa pale mpaka jioni.

Sasa joto lile lilitoka wapi? Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nakupenda wewe na abiria wako. Pikipiki yako, ninyi wawili na mizigo, tuseme kilo 400. Kwa kila mita 100 mnazoshuka kwenda chini, uzito huo unatoa nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji baridi. Ukiwa kwenye gia, injini inakula sehemu nzuri ya nishati hiyo. Ukiweka nyutro, inayobaki baada ya upepo yote inaingia kwenye breki. Na mteremko wa Sipi haushuki mita 100, unashuka mamia. Hesabu hayo masufuria ya chai, yote yamekalia diski moja ya mbele na vipande viwili vya pedi. Kwenye Boxer ukiwa peke yako, na vilima vifupi vya mjini, tabia hiyo haikukuumbua. Kwenye cruiser, pikipiki nzito ya safari kama yako, yenye mke na viazi ilikuumbua siku ya kwanza. Mlima mrefu unateremkwa kwa gia ileile ambayo ungeupandia, au ndogo zaidi. Breki unaivuta kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, halafu unaiachia kabisa ipoe. Usiivute kidogo kidogo njia nzima. Petroli uliyookoa siku ile haijai chupa ya soda.

Lakini hata mteremko ule haukuwa peke yake, na hapa tunakuja kwenye kalipa.

Ya kwako ni ya kuelea. Pistoni zake mbili zote ziko upande wa nje. Ukivuta breki, pistoni zinasukuma pedi ya nje, halafu mwili mzima wa kalipa unateleza juu ya pini zake mbili na kuivuta ile pedi ya ndani, diski ikabanwa katikati. Ukiachia, pistoni zinarudi nyuma kidogo mno, unene wa unywele. Hakuna springi inayozirudisha. Ni ile sili ya mpira ya mraba iliyozishika: inajipinda zinapotoka, na kujinyoosha zinaporudi. Basi ona: pini zikikauka grisi, mwili hautelezi, pedi ya ndani haifanyi kazi, ya nje inafanya kazi ya wawili. Pistoni zikishika kutu, sili haiwezi kuzirudisha, pedi inabaki imelalia diski kutwa. Umeniambia pedi ya nje imeisha na gurudumu halizunguki. Yote mawili unayo. Ulipoanza kuteremka Sipi, breki yako ilikuwa tayari imeshapata moto kwenye barabara tambarare kabla hujaigusa.

Ukiifungua utaona kitu ambacho mimi nimekiona kwenye karibu kila pikipiki iliyolala stoo. Toa pistoni, toa sili kwa kijiti cha mbao, usitumie bisibisi. Angalia ule mfereji ambamo sili inakaa. Utakuta ukoko mweupe, mgumu, kama magadi yaliyoganda chini ya sufuria. Hiyo ni alumini iliyoliwa na unyevu. Ukoko huo unaisukuma sili kutoka nyuma, sili inaikaba pistoni, na pistoni haisogei. Watu wengi wanabadilisha sili na kuuacha ukoko, na baada ya miezi miwili breki inakwama tena, wanalaumu sili feki. Uukwangue wote kwa waya wa shaba au kijiti kigumu, taratibu, bila kukwaruza ukuta, mpaka ukipitisha ukucha usikie ulaini mzunguko mzima. Kazi hiyo inachukua saa moja au mbili kwa kalipa moja na hakuna fundi mwenye haraka atakayekufanyia, kwa hiyo kaa naye, au ifanye mwenyewe barazani.

Pistoni zenyewe zikiwa na vidonda vya kutu sehemu inayopita kwenye sili, nunua mpya. Madoa ya juu, nje ya sili, si kitu. Sili weka mpya hata kama za zamani zinaonekana nzima, na uzipake mafuta mapya ya breki unapoziingiza. Na tafadhali, petroli isikaribie mipira hiyo. Najua gereji zetu zinaosha kila kitu kwa petroli. Mpira wa breki ukiguswa na petroli au oili ya injini unavimba, na ukivimba utarudi palepale pa kukwama. Osha kwa spiriti au kwa mafuta ya breki yenyewe. Pini zipake grisi ya silikoni, ile iliyoandikwa kuwa ni ya breki, si grisi ya bearing.

Paipu ya mpira itoe. Pikipiki ya umri huo, kama paipu ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, inavimba kila unapovuta mkono, na sehemu ya nguvu yako inapotelea humo. Hapa ndipo ningekuruhusu utumie pesa ya "kuboresha": weka paipu iliyosukwa kwa waya wa chuma. Mkono wa breki utakuwa mgumu na wa kuaminika namna ambayo itakushangaza. Washa za shaba za pande zote mbili ziwe mpya, zinauzwa kwa bei ya mkate. Angalia uzi wa bolti yake kabla ya kununua, maana za Kijapani kama yako kwa kawaida ni milimita 10 kwa hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya 1.25, na za Brembo, kampuni ya breki ya Italia, nyingi ni 10 kwa 1.0. Zinafanana machoni, lakini ukilazimisha moja mahali pa nyingine umeua uzi wa kalipa.

Diski ipime unene kwa micrometa sehemu inayosuguliwa, si pembeni palipobaki na ukingo. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umegongwa kwenye chuma cha diski yenyewe. Pedi nunua mahali ambapo ukirudi na lawama utamkuta muuzaji. Mafuta yawe DOT 4 kutoka kwenye kopo ambalo halijafunguliwa, kopo dogo, na baada ya hapo kila miaka miwili unayamwaga yote na kuweka mengine hata kama pikipiki haijatembea.

Breki ya nyuma usiisahau. Ile harufu ya kuungua ilikuwa ni breki shuu ndani ya ngoma. Fungua, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji (usilipulize kwa mdomo), angalia kama shuu zimeng'aa kama kioo. Cruiser ni ndefu na iko chini, uzito hauruki wote kwenda mbele kama kwenye pikipiki ya mbio, kwa hiyo ya nyuma inakusaidia kweli. Mazoea ya boda ya kutumia moja tu hayafai hapa.

Sasa swali lako: pistoni nne si bora kuliko mbili? Watu wazima wengi wenye pesa wamedanganyika hapa, basi tuhesabu pamoja.

Kalipa ya pistoni nne ina mbili kila upande, zinatazamana. Nguvu ya kubana inahesabiwa kwa upande mmoja tu, kwa sababu upande wa pili ndio unaoizuia. Kwako, mbili zinasukuma na mwili wa kalipa unazuia. Kwa hiyo nne zenye upana uleule wa zako zingebana sawasawa na mbili ulizonazo, hazizidi hata chembe. Kinachohesabika ni eneo la pistoni za upande mmoja ukiligawa kwa eneo la pistoni ya masta silinda, ile pampu ya breki kule kwenye usukani.

Tuseme zako ni za milimita 27: mbili zinatoa eneo la milimita za mraba 1,145. Masta ya milimita 14 ina 154. Gawanya, unapata 7.4. Kalipa ya mbio yenye pistoni za 34 na 30 ina 1,615 kwa upande mmoja. Kwa masta yako hiyohiyo ni 10.5. Nguvu inapanda kwa asilimia kama 40, ni kweli. Lakini mafuta yanayohitajika yanapanda kwa asilimia hizohizo, na masta yako haina zaidi ya kutoa, kwa hiyo mkono utasafiri mbali zaidi kuelekea usukani. Wewe ambaye umeshaona mkono unagusa usukani, unataka kuurudia huo mwendo? Basi utaambiwa ubadilishe na masta, uweke ya inchi 5/8. Hiyo ina eneo la 198. Gawanya tena: 8.2. Umetumia kalipa, masta, braketi na paipu, ukaongeza kama asilimia 10. Na mafuta yaleyale meusi yangechemka ndani ya kalipa mpya mlima uleule.

Sikatai kwamba kalipa ya pistoni nne nzuri ni ngumu, haijipindi, na ina pedi kubwa zinazovumilia joto. Nimezifunga, nikazipenda. Ila ile braketi ya kuchomelea imeninyima usingizi tangu nisome barua yako. Kalipa ya pistoni zinazotazamana haitelezi kujitafutia katikati. Braketi ndiyo inayoiweka katikati ya diski, na ikikosea hata milimita moja, pistoni za upande mmoja zitafanya kazi zaidi na diski itasukumwa pembeni. Kalipa ya mbio pia imechongwa kwa ajili ya diski ya 310 au 320, yako ni ya 296. Gurudumu lako ni la spoku, na nafasi kati ya kalipa na spoku ni ndogo. Chuma kilichochomelewa na mtu asiyejua mzigo wake kikikatika ukiwa kasi 80, kalipa inazunguka na diski mpaka ishike kwenye spoku, na gurudumu la mbele linasimama papo hapo. Huko hakuna ukingo wa udongo utakaokusaidia. Braketi ya kazi hiyo inachongwa kwa mashine kutoka kipande kimoja cha alumini ngumu, imepimwa, ina bolti za daraja linalotakiwa na zimekazwa kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Katwe, kule Kampala, wako wakereza wazuri wanaoweza kuchonga hivyo ukiwapelekea vipimo sahihi. Picha ya simu si kipimo.

Diski ya pili nayo ingehitaji shokapu ya upande wa pili yenye masikio ya kushikia kalipa, kitovu cha gurudumu chenye mahali pa kufunga diski, na masta kubwa zaidi. Hiyo ni mbele nzima ya pikipiki nyingine. Iache.

Fanya huduma niliyokueleza. Halafu inua gurudumu, livurumishe kwa mkono, lizunguke mara mbili tatu bila kusita. Vuta mkono wa breki, usimame mgumu mbali na usukani, na ukiubana dakika nzima usizame. Pedi mpya zizoeshe kwanza: vunja mwendo taratibu kutoka 50 mpaka 15, mara kumi au kumi na tano, ukiziacha zipoe katikati, bila kubana ghafla. Jaribu barabara tambarare ukiwa peke yako. Kisha tafuta mlima wa kiasi, ukiwa umefunga gunia la mahindi mahali pa abiria, uteremke kwa gia. Ukiona baada ya yote hayo breki bado haikutoshi, niandikie vipimo vya pistoni zako na namba iliyogongwa kwenye masta, tutatafuta kalipa inayolingana nayo.

Kuhusu shemeji: ana haki. Aliona kifo na amekataa kukirudia, hajakosea popote. Usimbembeleze apande na usimwambie anaogopa bure. Mwonyeshe ile pedi iliyoisha, mwonyeshe yale mafuta kwenye glasi, umweleze pia habari ya nyutro, maana nadhani hiyo hujamwambia. Akikaa tena nyuma yako itakuwa siku aliyoichagua yeye. Akichagua matatu, nauli yake ni halali yake.

Na kile kianzio cha 200,000, kidai leo kabla kalipa haijapakiwa kwenye basi. Mpigie yule fundi umwambie hutaki kalipa, unataka seti ya sili na vumbi-raba (mipira ya kuzuia vumbi), pini mbili, pedi, paipu ya waya na kopo la DOT 4, akate humo na akutumie na risiti. Akikataa kurudisha chochote, vumilia hasara hiyo, ila ile braketi ya kuchomelea usiipokee hata akikupa bure.